Seli zinazokula mfupa hazitokei labo: tafuta muungano ulipokwama

Osteoklasti ni seli kubwa yenye viini vingi, na kazi yake mwilini ni kula mfupa uliochakaa ili mpya ujengwe mahali pake. Haizaliwi kubwa. Inatokana na monositi na makrofaji, seli za ukoo wa damu, ambazo hukutana na kuungana mpaka ziwe seli moja yenye viini vitano, kumi, wakati mwingine makumi. Mwongozo huu ni wa mwanafunzi au fundi wa labo hapa Bukavu mwenye sahani ndani ya inkubeta, aliyesubiri wiki nzima na haoni kile itifaki ilichoahidi.

Kauli ninayoisikia zaidi ni hii: "Mwalimu, RANKL imeharibika." RANKL ni protini inayoziamuru seli zigeuke osteoklasti. Huenda ni kweli imeharibika. Lakini RANKL hubebeshwa makosa mengi ambayo si yake, na kichupa kipya ni ghali, tena kinasubiriwa kwa wiki kikipitia Kigali na mpaka wa Ruzizi. Kabla hujaagiza kingine, jua kwanza kazi imekwama wapi. Seli hupita vituo vinne. Kwanza iishi na kuongezeka kwa msaada wa M-CSF, protini inayozikuza seli hizi. Pili ipokee RANKL na kubadilika, ianze kutengeneza kimeng'enya cha TRAP, alama ya osteoklasti, ikiwa bado na kiini kimoja. Tatu iungane na wenzake. Nne ijibane kwenye mfupa na kumwaga asidi. Kila kituo kina maradhi yake, na dawa ya kimoja haitibu kingine.

Kwa hiyo usihukumu sahani kwa kutazama tu chini ya darubini. Tenga visima vichache, vipake rangi ya TRAP na rangi ya viini, kisha usome majibu mawili kwa pamoja: je, TRAP ipo? Je, viini ni vingapi ndani ya utando mmoja? Weka daima visima vya kulinganisha: kimoja bila kitu, kimoja chenye M-CSF peke yake, kimoja chenye vyote viwili. Asiye na visima hivyo hana njia ya kujua kilichotokea, na huko ndiko wengi wanakopotezea miezi.

Seli zinapungua siku tatu za mwanzo

Hili ni la M-CSF, au la jinsi ulivyozitoa seli. Panya wa ukoo uitwao op/op hawana M-CSF inayofanya kazi, jambo lililoonyeshwa mwaka 1990, na mifupa yao hujaa kama jiwe kwa sababu osteoklasti karibu hazipo. Kwenye sahani ni vivyo hivyo: bila M-CSF hakuna wa kubadilika. Nanogramu 25 hadi 30 kwa kila mililita hutosha. Kama kisima cha M-CSF peke yake nacho kinakonda, angalia umri wa kichupa, kisha angalia damu yenyewe ilikaa mezani muda gani kabla ya kutenganishwa. Ukiosha mara moja tu, chembe sahani za damu hubaki nyingi na monositi zinashikamana mafungu mafungu. Osha mara tatu, kwa mzunguko wa polepole.

Zinaishi, zimesambaa vizuri, lakini TRAP haipo

Hapa RANKL ni mshukiwa halali. Tangu ilipotambuliwa mwaka 1998 tunajua kuwa ndiyo amri yenyewe: inashika kipokezi RANK juu ya seli, nayo protini NFATc1 inaamka ndani ya kiini na kufungua jeni zote za osteoklasti. Mwili una kizuizi chake pia, osteoprotegerini, kilichojulikana mwaka mmoja kabla, ambacho hudaka RANKL isifike kwenye kipokezi.

Unga mkavu wa RANKL huvumilia safari. Ukishayeyushwa, uvumilivu umekwisha. Gawa siku ileile kwenye vichupa vidogo vya kutumika mara moja, pamoja na protini ya kubeba kama albumini, na usiyeyushe na kugandisha tena. Umeme wa usiku ukikatika mara kwa mara, friji ya kugandisha huyeyusha na kugandisha bila kukuuliza. Nunua kipimajoto cha kurekodi juu na chini. Ni kitu cha bei ndogo, nacho kitakuambia asubuhi kilichotokea usiku. Kiwango cha kawaida ni nanogramu 50 hadi 100 kwa mililita kwa seli za panya, na 25 hadi 100 kwa za binadamu.

Kama RANKL ni nzima, tafuta kinachoipinga. Interferoni gama na IL-4, ishara za kinga ya mwili, huzima mabadiliko haya kabisa. Mtu aliyekuwa na malaria au homa nyingine wiki ile, mwache apumzike, usichukue damu yake kwa kazi hii. Monositi zake zimekwisha kupokea ishara za vita. Halafu kuna endotoksini, uchafu wa bakteria unaobaki hata baada ya bakteria kufa. Ikigusa seli kabla ya RANKL, huzisukuma upande wa kupigana na vijidudu na zinakataa kuwa osteoklasti. Ikizikuta tayari zimeonja RANKL kwa siku moja au mbili, huziharakisha. Ndiyo maana watu wawili wenye uchafu uleule hupata matokeo yanayopingana na kubishana bure. Tumia maji ya kuchomwa sindano kutengeneza viyeyusho, wala usitegemee kichujio: endotoksini hupita kwenye matundu yanayozuia bakteria.

Seramu ya ndama inayolisha seli nayo hutofautiana toka shehena hadi shehena. Jaribu shehena mbili au tatu kwanza, chagua moja, nunua chupa nyingi za hiyohiyo.

TRAP ipo, lakini kila seli ina kiini kimoja

Hili ndilo tatizo ninalolipenda, kwa kuwa ndipo muungano wenyewe unapoonekana. Seli zimekubali kubadilika, zina rangi nyekundu ya zambarau, zina vimeng'enya, ila zimesimama kando kando zikitazamana.

Fahamu kwanza kinachotakiwa kutokea. Seli moja hunyoosha mkono mwembamba, hugusa jirani, na mguso huo hukaa kwa muda. Baadhi ya mafuta ya utando ambayo kawaida hukaa upande wa ndani, fosfatidilserini, hugeuzwa yakatokea nje. Tando mbili zinakaribiana kiasi cha kuchanganyika, tundu dogo linafunguka, linapanuka, na maji ya ndani ya seli hizi yanakuwa mamoja. Viini haviungani, vinakaa pamoja ndani ya nyumba moja. Protini zinazosimamia kazi hii ni kadhaa. DC-STAMP ni maarufu zaidi: mwaka 2005 watafiti wa Japani walionyesha kuwa panya wasio nayo wana osteoklasti zenye TRAP lakini zenye kiini kimoja kimoja tu, na zinachimba mfupa kwa udhaifu. Jambo zuri katika kazi ile ni kwamba seli isiyo na DC-STAMP iliweza kuungana na iliyo nayo, hivyo pande mbili hazilazimiki kufanana. OC-STAMP nayo ni lazima. Ikikosekana, muungano unakoma hata DC-STAMP ikiwepo. Kwa binadamu, watafiti wa Denmark wameonyesha kwamba sinsitini-1, protini iliyotoka kwa virusi vya kale vilivyojipachika katika jeni zetu na ambayo huunganisha seli za kondo la nyuma, inashiriki pia hapa.

Wala seli hazichaguani ovyo. Kundi lilelile la Denmark, likitazama seli hai kwa saa nyingi, liliona kuwa seli yenye viini vingi hupenda kuungana na yenye kiini kimoja kuliko kubwa na kubwa mwenzake. Kuna pia ushahidi kwamba seli chache ndizo huanzisha, na zikishaanza zinaweza kumeza hata jirani ambaye hajaonja RANKL. Kwa fundi, maana yake ni moja: lazima seli zifikiane.

Basi sababu ya kwanza ya kuchunguza ni msongamano. Monositi za binadamu zilizotengwa, weka kama laki moja katika kila kisima cha sahani ya visima 96. Makrofaji za uboho wa panya, elfu kumi hadi elfu ishirini. Seli za RAW264.7, ukoo wa makrofaji za panya unaokuzwa labo, hujizidisha haraka, kwa hiyo elfu chache tu. Ukianza na nyingi zitajaza sakafu, zitamaliza RANKL na kuchachusha midia, yaani maji ya kulishia seli, kabla ya siku ya muungano. Tazama pia zilivyosambaa. Sahani iliyotikiswa kwa mduara hukusanya seli zote katikati, na pembeni zinabaki chache zisizofikiana. Itikise mbele na nyuma, kisha kushoto na kulia, halafu iache nusu saa juu ya meza tambarare kabla ya kuiingiza.

Sababu ya pili ni EDTA, kemikali tunayoitumia kubandua seli, na mirija mingi ya damu inayo. EDTA hushika kalsiamu, na RANKL huendesha mabadiliko na muungano kwa mawimbi ya kalsiamu ndani ya seli. Masalia yake yanaweza kukukwamisha. Osha tena.

Tatu ni siku. Uboho wa panya huonyesha muungano siku ya 4 hadi ya 6 baada ya RANKL. Monositi za binadamu huhitaji siku 7 hadi 14, na za mtoaji mmoja hazilingani na za mwingine. Anayesoma itifaki ya panya huku ameweka seli za mtu hutupa sahani nzima kwa kukosa subira.

Nne ni RAW264.7 iliyozeeka. Ukoo huu ukishapandikizwa mara nyingi hupoteza uwezo wa kuungana ingawa unaendelea kukua kwa furaha. Rudi kwenye kichupa cha zamani kilichogandishwa.

Ukitaka kujua kama seli ziko tayari ila zimezuiliwa, kuna jaribio zuri: lisofosfatidilkolini, mafuta yanayozuia tando kuchanganyika, huwekwa usiku mmoja, kisha huoshwa. Seli zilizokuwa tayari huungana kwa wingi ndani ya saa chache. Zisipoungana, tatizo lako liko kabla ya utando. Rudi kwenye RANKL na NFATc1.

Na jihadhari na muungano wa uongo. Seli tatu zilizopandana hufanana na moja yenye viini vitatu. Paka aktini, nyuzi za protini za seli, kwa faloidini, kemikali inayozishika: seli moja ya kweli ina mkanda mmoja wa aktini kuzunguka viini vyote, nazo zilizopandana zina mipaka kati yao. Hesabu kuwa osteoklasti ile tu yenye TRAP na viini vitatu au zaidi.

Viini ni vingi, TRAP hakuna

Hizo ni seli kubwa za aina nyingine. Makrofaji zikipewa IL-4 huungana pia, na DC-STAMP hutumika hukohuko, lakini zao lake ni zile seli zinazozunguka kitu kigeni mwilini. Daktari yeyote wa hapa aliyeona kipande cha tezi ya mgonjwa wa kifua kikuu chini ya darubini anazijua binamu zake, seli za Langhans, zenye viini vilivyopangwa kama kiatu cha farasi. Chanzo mara nyingi ni limfosaiti zilizobaki pamoja na monositi, zikitoa ishara zao. Tenga monositi kwa alama ya CD14, au ziache zishike plastiki kwa saa mbili kisha uoshe zisizoshika.

Zilikuwa kubwa jana, leo sahani ni tupu

Kwenye plastiki osteoklasti ya panya iliyokomaa haidumu. Siku moja au mbili baada ya kilele hufa kwa kujimaliza. Anza kutazama asubuhi na jioni kuanzia siku ya 4, na uzihifadhi kwa formalini siku ya kilele badala ya siku uliyoandika kwenye kalenda. Midia ibadilishwe kila siku mbili au tatu, nusu tu, kwa mkono mwepesi, maana seli kubwa hung'oka kwa mkondo wa pipeti.

Usifikiri kwamba ndivyo ilivyo ndani ya mfupa. Mwaka 2019 ilionyeshwa kuwa osteoklasti za panya huishi muda mrefu kwa kuongezewa viini vipya kutoka seli za damu zinazopita, na mwaka 2021 wengine waliona zikigawanyika kuwa seli ndogo, zilizopewa jina osteomofi, ambazo huweza kuungana tena. Hili lina uzito kwa wagonjwa: denosumabu, dawa inayodaka RANKL, ikisimamishwa ghafla, uyeyushaji wa mfupa hurudi kwa kishindo na uti wa mgongo huweza kuvunjika. Inadhaniwa kuwa seli zilizokuwa zikingoja zinaungana kwa pamoja.

TRAP ipo, viini vingi, mkanda wa aktini upo, lakini mfupa haujachimbwa

Hapa seli zimewekwa juu ya kipande cha mfupa, na mshukiwa wa kwanza ni pH ya midia, ambayo hubadilika na mwinuko wa mahali. Itifaki nyingi zimeandikwa na watu walio karibu na usawa wa bahari. Ziwa Kivu lenyewe liko mita 1,460 juu ya bahari, na labo za mjini ziko juu zaidi ya ziwa. Mgandamizo wa hewa hapa ni takriban asilimia 84 ya ule wa pwani. Inkubeta ikiandika asilimia 5 ya gesi ya kaboni, ni asilimia 5 ya hewa iliyo nyepesi, kwa hiyo gesi inayoingia kwenye midia ni pungufu. Midia yenye bikaboneti (chumvi inayopunguza asidi) ileile inakuwa na pH iliyopanda kwa karibu 0.08 hadi 0.1.

Kwa seli nyingi tofauti hiyo haina neno. Kwa osteoklasti ni kubwa mno. Mtafiti Tim Arnett na wenzake huko London walionyesha kwamba osteoklasti hubaki kimya pH ikiwa 7.4 na kuendelea, na huchimba karibu kwa nguvu zao zote ikikaribia 7.0. Kati ya hapo, badiliko lisilofika 0.1 linaweza kuongeza mashimo maradufu au kuyakata nusu. Midia iitwayo alfa-MEM ina gramu 2.2 za bikaboneti kwa lita, na kwa asilimia 5 hapa Bukavu inaweza kukaa juu ya 7.5. Midia ya DMEM yenye gramu 3.7 ni mbaya zaidi, itakaribia 7.8. Seli zitaungana vizuri, utapiga picha nzuri, na mfupa utabaki mzima.

Pima mwenyewe. Weka sahani ya midia isiyo na seli ndani ya inkubeta usiku kucha. Asubuhi ichote kwa sindano bila kuacha hewa ndani, uipime papo hapo, maana gesi hutoroka na baada ya dakika chache kipimo kimekwisha kudanganya. Ukiwa na mtu hospitali yenye mashine ya gesi za damu, mwombe. Hiyo ndiyo bora. Rangi ya midia nayo inasema: ikielekea waridi la zambarau, iko juu; ikiwa ya chungwa, imeshuka. Kisha pandisha gesi hadi karibu asilimia 6. Namba ya kwenye kioo isikutoshe, kwa kuwa mashine nyingine hujirekebisha kwa mgandamizo na nyingine hapana. Siku mbili za mwisho, seli zikishaungana, ongeza asidi ya hidrokloriki kidogo, kama milimoli 10 kwa lita, ufike karibu 7.0. Usifanye hivyo mapema: lengo lako ni kuwasha uchimbaji wa seli zilizokwisha kuungana, na pH ya chini sana huzuia seli changa kuongezeka.

Umeme ukikatika, usifungue mlango wa inkubeta kuangalia. Joto hukaa ndani kwa muda, lakini gesi ikitoka hairudi mpaka jenereta iwake, na pH hupanda kabla joto halijashuka.

Kama pH ni nzuri na bado hakuna shimo, tazama mfupa wenyewe. Maabara kadhaa za Uingereza zilitumia vipande vya pembe ya ndovu iliyokamatwa na forodha, kwa kuwa ni laini na haina mirija ya damu. Sisi tusiiguse hata ikiletwa bure. Tembo wa nyanda za juu za Kahuzi-Biega walimalizwa karibu wote katika vita vya miaka ya 1990. Fupa la paja la ng'ombe kutoka kwa muuza nyama wa soko la Kadutu linatosha. Chukua ile sehemu ngumu ya katikati, ondoa uboho na mafuta yote, kata vipande vya nusu milimita au chini kwa msumeno wa polepole wenye maji, osha kwa mtikisiko wa mawimbi ya sauti, loweka kwenye pombe ya asilimia 70, kisha kwenye midia usiku mmoja. Mafuta yaliyobaki huzuia seli kushika, na seli isiyoshika haifungi mkanda wake wa aktini.

Baada ya hapo futa seli kwa dawa ya klorini, paka toluidini bluu ya asilimia 1 kwa dakika chache, suuza, tazama kwa mwanga wa pembeni. Mikwaruzo ya msumeno ni mistari iliyonyooka, sambamba, yenye sakafu safi, nayo inakwenda toka ukingo hadi ukingo. Shimo la osteoklasti lina ukingo wa mviringo usio sawa, rangi ya bluu imezama ndani yake kwa sababu kolajeni iliyofunuliwa huinywa, na mara nyingi yako kadhaa kwa mfuatano, kwa vile seli huchimba, husogea, kisha huchimba tena. Kipande kisicho na seli, kilicholowekwa siku zilezile, kiwe pembeni. Chochote unachokiona kwenye hicho pia, usikihesabu.